Damu, Umri na Haki

Hapana mwanadamu aliyepata kuiona kesho, na hapana asiyeifikiri. Mkulima hupanda akitumaini mvua ya mwezi ujao. Mzazi hulipa karo akitumaini kazi ya mwanawe miaka kumi mbele. Wewe nawe, msomaji, wajifunza leo kwa ajili ya mtihani ambao bado hujauona. Tumaini ni chakula cha moyo, lakini haliondoi hofu yote. Kwa mtu mwenye watu wanaomtegemea, hofu iliyo kubwa kuliko zote ni hii: nikifa mapema, watu wangu watakula nini? Bima ya maisha ilibuniwa ili kuijibu hofu hiyo. Siku hizi elimu mpya imekuja kupiga hodi mlangoni pa bima. Yasema kwamba kwa kupima tone la damu au mate yaweza kutuonyesha ni nani kati yetu aliye katika hatari ya kufa kabla ya wenzake. Je, ni haki malipo ya bima ya mtu yapangwe kwa kipimo cha namna hiyo? Swali hili ndilo ninalotaka tulipime pamoja, mimi na wewe.

Nitaanza hapa Ruiru. Mji huu uko kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Thika, na kwa miaka mingi umejulikana kwa kahawa na kwa kituo chake cha utafiti wa zao hilo. Ugonjwa mmoja wa kuvu, unaoozesha matunda ya kahawa yakiwa bado mabichi, ulionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1922, ukawatia wakulima hasara kubwa. Wataalamu wakatafuta mti usioweza kushindwa nao. Walichukua miche michanga, wakaitia kuvu kwa makusudi, wakangoja. Mche uliougua waliutupa. Uliostahimili waliutunza na kuuzalisha. Kwa kazi ya namna hiyo ilipatikana kahawa iitwayo Ruiru 11, ambayo wakulima walianza kupewa mwaka 1985. Hapana mtu mwenye akili awezaye kuwalaumu wataalamu hao. Mche wa kahawa huwapo kwa ajili ya mavuno ya mkulima, na usiofaa hung'olewa. Lakini mtu hakuzaliwa kwa ajili ya mavuno ya mwenziwe. Kwa hiyo jicho lile lile linalochagua miche likigeuzwa kuwatazama watu, yatupasa kusimama na kuuliza maswali.

Kwanza tuelewe bima ni kitu gani. Pengine umeona nyumbani kwenu chama cha kufa na kuzikana. Wafanyakazi wa mashamba, wachonga mawe, madereva na wachuuzi wa sokoni hukutana kila mwisho wa mwezi, na kila mmoja hutoa kiasi kidogo. Mmoja wao akifiwa, au akifa yeye mwenyewe, sanduku la chama hufunguliwa. Hapana ajuaye zamu itamwangukia nani. Kutojua huko ndiko kunakowafanya wote watoe kwa moyo mmoja, kwa kuwa kila mmoja ajiona katika nafasi ya mwenzake.

Kampuni ya bima hufanya jambo hilo hilo kwa watu wengi wasiojuana, ikitumia hesabu. Mwaka 1693 Edmond Halley, mtaalamu wa nyota wa Uingereza, alitumia kumbukumbu za vizazi na vifo za mji wa Breslau kutengeneza jedwali lililoonyesha katika kila umri ni wangapi hubaki hai. Tangu zamani hizo watu wamejua jambo la ajabu: hapana awezaye kusema ni lini mtu mmoja atakufa, lakini yawezekana kukadiria vizuri kwamba katika watu elfu wa umri fulani, wangapi watakufa katika mwaka. Tuseme watu 1,000 wameungana, na jedwali lasema 5 kati yao watakufa mwaka huu. Tuseme pia kila familia iliyofiwa itapewa shilingi 200,000. Zinazohitajika ni shilingi 1,000,000, na kila mmoja hutoa shilingi 1,000. Mfano huu ni wangu, nami nimeacha gharama za ofisi na faida ya kampuni ili hesabu iwe nyepesi. Uweke akilini, kwa sababu tutaurudia.

Sasa tuitazame elimu mpya. Ndani ya chembe za mwili wa kila mtu mna maagizo madogo mno, yaitwayo jeni, ambayo tumeyarithi kwa baba na mama. Aghalabu jeni hufanya kazi zake kimya. Mara nyingine moja huwa na kasoro, na kasoro hiyo huleta ugonjwa. Uko, mathalani, ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo na ambao kwa kawaida huanza mtu akiwa amefika makamo. Mtoto wa mgonjwa ana nafasi moja katika mbili ya kuurithi. Jeni yake iligunduliwa mwaka 1993, na tangu hapo kijana mwenye afya njema aweza kupimwa akaambiwa kwamba, akijaliwa kuishi miaka ya kutosha, utampata. Lakini magonjwa yanayosomeka waziwazi hivyo ni machache. Katika maradhi mengi, kama ya moyo na kisukari, jeni huongeza au hupunguza hatari tu, na chakula, kazi, maji safi na hospitali huwa na sauti kubwa pia.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni selimundu, ugonjwa unaozipinda chembe nyekundu za damu zikafanana na mundu. Mtoto aliyeirithi jeni yake kwa wazazi wote wawili huugua, hupatwa na maumivu makali na upungufu wa damu. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu huitwa mbebaji, na kwa kawaida huishi na afya yake kama watu wengine. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na ambaye wakati huo alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari, alizunguka nchi hii akikusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali. Aliona kwamba pwani na kando ya Ziwa Victoria wabebaji walikuwa wengi, mahali pengine wakizidi 20 katika kila watu 100, na katika nyanda za juu walikuwa wachache, hata hawakufika 1 katika 100. Mwaka 1954 alitoa maelezo yake: mbebaji hukingwa dhidi ya ukali wa malaria. Katika nchi za mbu wengi, jeni hiyo iliokoa watoto wengi kuliko iliowaua, ndiyo sababu ikadumu.

Tafakari maana ya jambo hilo, msomaji. Katika darasa moja la Ruiru hukaa mtoto ambaye babu yake alizaliwa papa hapa Kiambu, na kwenye dawati hilo hilo hukaa mtoto ambaye babu yake alitoka Kisumu au Kilifi kuja kutafuta kazi. Wanasoma kitabu kimoja, na huenda siku moja wakaajiriwa kazi moja kwa mshahara mmoja. Je, yafaa mmoja atozwe zaidi kwa sababu mababu zake waliishi palipo na mbu? Jeni ile ilikuwa ngao ya wazee wake. Kumtoza kwa ajili yake ni kumdai mjukuu gharama ya ngao iliyowaokoa wazazi wa wazazi wake.

Usidhani kwamba naogopa kivuli. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 majimbo kadhaa ya Marekani yalianza kuwapima watu weusi selimundu. Kampuni nyingine za bima zikawatoza wabebaji malipo ya juu, ingawa wabebaji hawakuwa wagonjwa. Kipimo kilikuwa cha kweli, lakini waliokisoma hawakuielewa maana yake, au hawakujali kuielewa. Elimu nusu, ikitiwa mkononi mwa mwenye nguvu, hudhuru kuliko ujinga.

Hata hivyo tusiwe mahakimu wanaosikiliza upande mmoja. Kampuni ya bima nayo ina neno lake. Yasema: "Sisi hatumchukii mtu. Mzee hulipa zaidi ya kijana, na mvuta sigara hulipa zaidi ya asiyevuta, wala hapana aitaye jambo hilo dhuluma. Tangu zamani fomu zetu huuliza kama baba na mama wa mwombaji wangali hai, na kama walikufa, maradhi gani yaliwaua. Kipimo cha jeni chauliza swali lile lile kwa usahihi zaidi. Kwa nini mtu wa hatari ndogo amlipie mtu wa hatari kubwa?"

Hoja hii ina uzito, na yataka jibu. Turudi kwa watu wetu 1,000. Tuseme kipimo kimeonyesha kwamba 100 kati yao wana jeni mbaya, na kwamba katika vifo 5 vya mwaka, 3 vitatoka kwao. Kampuni ikiwatenga, hao 100 watalipa shilingi 6,000 kila mmoja, na wale 900 watalipa kama shilingi 444. Sasa hesabu makaburi. Walikuwa watakufa 5, nao bado watakufa 5. Familia zilizofiwa zapata shilingi 1,000,000 kama kwanza. Kipimo hakikumwokoa hata mtu mmoja. Kimehamisha mzigo tu, kikautoa juu ya mabega ya wengi na kuuweka juu ya wachache ambao tayari wana mzigo mwingine. Na katika hao wachache, wengi hawataziweza shilingi 6,000. Wataiacha bima, na watoto wao, wanaoihitaji kuliko watoto wote, ndio watakaobaki mikono mitupu.

Ama habari ya sigara, mvutaji aweza kuitupa. Jeni haitupiki. Ama habari ya umri, kila kijana ajaliwaye kuishi atauonja uzee. Anayelipa kidogo leo atalipa zaidi kesho, na hivyo mzigo huzunguka kama zamu ya kuteka maji. Jeni haina zamu. Aliyenayo huibeba tangu kuzaliwa mpaka kufa, na asiyenayo hataibeba hata siku moja. Kwa hiyo mifano ya kampuni haifanani na jambo lenyewe.

Liko jibu la pili, nalo latoka katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1999 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba UKIMWI ni janga la taifa. Siku hizo mtu aliyeonekana na virusi alihesabiwa kuwa karibu na kaburi, na jedwali lolote la umri lingalimwandikia miaka michache. Kisha dawa zikaenea. Wengi waliohesabiwa wafu wakalea watoto wao na kuwasomesha, na wako wanaowapakata wajukuu leo. Utabiri wa umri hutegemea dawa zilizopo siku ya kutabiri. Mganga wa kesho hayumo katika hesabu ya leo.

Liko na la tatu. Mtu akijua kwamba kipimo kitamfungia mlango wa bima, atakikimbia kipimo hata pale kinapoweza kumponya. Mtoto mwenye selimundu akijulikana mapema hupewa dawa za kumkinga na maambukizo, na maisha yake yaweza kuokolewa. Elimu iliyoletwa kuponya ikigeuzwa kuwa ya kutoza, watu wataiogopa kama waogopavyo polisi, na kaburi ndilo litakalopata faida.

Hapo pengine utasema: "Basi kila mtu na afiche lake." Ngoja kwanza. Wahenga wetu walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye kata, lakini walisema pia kwamba mficha maradhi kilio kitamfichua. Turudie hesabu yetu mara ya mwisho. Tuseme wale 100 wamejipima kwa siri, wakajua hali yao, nao bila kumwambia mtu wakanunua bima ya shilingi 1,000,000 kila mmoja, yaani mara tano ya wenzao, wakilipa shilingi 5,000. Makusanyo yote yatakuwa shilingi 1,400,000. Wakifa 3 kati yao na 2 katika wengine, zitahitajika shilingi 3,400,000. Sanduku limepungukiwa na shilingi 2,000,000. Litavunjika, na watakaolia ni wajane na yatima wa watu waliotoa kwa uaminifu. Mwenye siri aliyefanya hivyo hakujilinda tu. Amekula jasho la wenziwe. Mnyonge naye aweza kudhulumu, na unyonge wake hauibadilishi dhuluma kuwa haki.

Tumefika basi mahali pagumu. Kampuni ikijua kila kitu, itawatupa wachache. Mwombaji akijua kila kitu na kampuni isijue lolote, aweza kuwaibia wengi. Katikati ya hatari hizi mbili haki ipite wapi? Nchi yetu iliwahi kuitafuta njia katika jambo lililofanana na hili. Sheria ya mwaka 2006 juu ya UKIMWI ilikataza mtu kulazimishwa kupimwa au kutaja hali yake kwa ajili tu ya kupata mkopo au bima. Iliagiza makampuni yaweke kiasi cha bima ambacho mwombaji asiyekizidi haulizwi hali yake. Anayetaka zaidi ya kiasi hicho aweza kutakiwa apimwe. Naye akionekana na virusi, hanyimwi bima, ila aweza kuongezewa malipo kwa kadiri inayofaa. Uingereza nayo ilishika njia ya namna hiyo kwa vipimo vya jeni: tangu mwaka 2001 makampuni yamekubali kutodai matokeo ya vipimo vya kutabiri, isipokuwa cha Huntington, na hicho nacho kwa bima ya maisha inayozidi pauni 500,000 tu. Marekani ilitunga sheria mwaka 2008 kuwalinda watu katika kazi na katika bima ya matibabu, lakini bima ya maisha iliachwa nje ya sheria hiyo. Kwetu, Katiba ya mwaka 2010 yakataza ubaguzi kwa sababu ya hali ya afya, na sheria ya mwaka 2019 juu ya ulinzi wa data yahesabu habari za jeni za mtu miongoni mwa zile zinazopaswa kulindwa kwa uangalifu zaidi.

Angalia hekima iliyomo katika kile kiasi. Familia inahitaji chakula, karo, kodi ya nyumba na mazishi ya heshima. Mpaka hapo, jamii yasema: hatukuulizi damu yako, ingia pamoja nasi. Mtu akitaka kupita mpaka huo akatafuta utajiri, basi afunue anachokijua, kwa maana hapo haombi tena kukingwa na balaa, bali aingia katika biashara. Mpaka huo humlinda mnyonge, na hulilinda sanduku pia.

Mimi naamini kwamba njia hiyo ndiyo iliyo karibu na haki, na sababu yangu ni hii. Zamani wanadamu walichangiana kwa kuwa hawakujua. Giza la kesho lilitufanya sote sawa, tajiri na maskini, wa bara na wa pwani. Haukuwa wema mkubwa, kwa maana kila mmoja alijiogopea nafsi yake. Sasa taa imewashwa, nasi twaanza kuona nani amesimama karibu na shimo. Twaweza kumkimbia, kila mmoja akaokoa shilingi zake chache. Au twaweza kumshika mkono kama tulivyomshika gizani, safari hii kwa hiari yetu. Tulilolifanya kwa kutojua, sasa yatupasa kulifanya kwa kujua. Huo ndio mtihani ambao elimu imeuleta kwa kizazi chako.

Utakapokuwa mtu mzima, msomaji, huenda ukakaa upande mmoja wa meza ya bima au upande wa pili. Ukiwa mwombaji, usiitumie siri yako kuwa kisu cha kuwachoma wenzako. Ukiwa afisa mwenye jedwali mkononi, kumbuka kwamba namba yake ni ya watu elfu, na aliyeketi mbele yako ni mmoja. Na ukiwa mtunga sheria, kumbuka mashamba ya kahawa ya Ruiru. Ni vema kujua mche upi utaugua. Lakini katika bustani ya wanadamu, mche uliojulikana kuwa dhaifu hutiwa samadi na kuwekewa kivuli.